Barua ya wazi: Maneno manne hayamtoshi baba yangu na wenzake wa Kagera

Kwa Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais wa Zanzibar,
Kwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Kwa Makao Makuu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania,
Na kwa Wakuu wetu wa Mikoa ya Pemba.

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli moja ya sekondari, Wilaya ya Wete. Baba yangu alikuwa afisa wa JWTZ, alistaafu akiwa meja, na tumemzika kwao Mtambwe. Siku ya maziko, kabla jeneza halijainuliwa, afisa mmoja kijana alisimama uani kusoma wasifu wa marehemu. Aliusoma kwa heshima, na sauti yake ikatufikia hata sisi wanawake tuliokuwa ndani. Alitaja mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia jeshini, kozi alizosoma, vyeo kimoja baada ya kimoja, na mwaka wa kustaafu. Katikati ya hayo ilipita sentensi moja: "Alishiriki Vita vya Kagera." Kisha akaendelea na kozi iliyofuata.

Simlaumu yule kijana, alisoma alichopewa. Lakini mama alinigeukia na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Ndiyo basi?"

Sikuwa na la kumjibu. Swali lile sijaweza kulitua mpaka leo, ndiyo maana nalileta kwenu.

Mwisho wa Oktoba 1978 baba alikuwa likizo nyumbani. Karafuu zilikuwa juani, majamvi yametandazwa uwanja mzima. Mtoto wa jirani alikuja mbio kusema kwamba redio inatangaza vita. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Siku ya pili yake Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kusema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Novemba 3 daraja la Kyaka likavunjwa na wavamizi. Baba hakusubiri kuitwa. Alimwambia mama aangalie mvua isizinyeshee karafuu, akachukua begi lake, akateremka bandarini Wete kutafuta chombo cha kumvusha Unguja. Mama alikuwa na mimba yangu. Nilizaliwa mwaka 1979 yeye hayupo, na mara ya kwanza aliponiona nilikuwa nimeshaanza kusimama dede.

Nilikua nikijua kwamba baba ni mtu wa vita, lakini habari za vita sikuzijua. Akiulizwa msikitini au barazani alikuwa akicheka kidogo na kusema, "Tulikwenda, tukarudi." Alianza kuzungumza nilipokuwa mwalimu na kumwomba anisaidie kuandaa somo. Alikuwa akija usiku baada ya isha, anakaa kwenye kiti cha kamba, anaanza palepale alipoachia jana. Niliandika nilichoweza, na mengi yalinipita kwa sababu sikujua kwamba yatakuja kwisha.

Alikuwa luteni wa mizinga. Watu wakisikia mizinga hudhani ni kazi ya kufyatua, kumbe yake ilikuwa ya kuona. Mwangalizi wa mizinga hutangulia mbele pamoja na askari wa miguu, na darubini, ramani, dira na redio, akatafuta mahali pa kujificha penye kuona mbali. Anapima umbali na mwelekeo, kisha anawasomea wenzake walio nyuma tarakimu za kupiga. Kombora la kwanza likianguka pembeni, anarekebisha: ongeza mita kadhaa, hamisha kulia. Akikosea tarakimu moja, kombora linaweza kuwaangukia askari wake mwenyewe. Hesabu hizo alifundishwa China alipokuwa kijana. Aliniambia kwamba katika miezi ile hakuwahi kusema tarakimu redioni bila ya kuirudia mara mbili moyoni, na mazoea hayo hayakumtoka. Hata duka la jirani alikuwa akihesabu chenji mara mbili, na watu wakamwona bahili. Hakuwa bahili.

Mkitaka kujua maneno manne yale yamefunika nini, someni habari ya Lukaya. Januari 1979 majeshi yetu yaliuteka mji wa mpakani wa Mutukula, na Februari yakaingia Masaka na Mbarara. Wengi wao walikwenda kwa miguu, mzigo mgongoni, mvua na jua. Machi wakafika Lukaya, ambako barabara ya kwenda Kampala inakatiza bwawa kubwa la mafunjo. Jioni ya Machi 10 Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kuonja mapigano, ilipigwa kwa makombora mfululizo na kutawanyika. Mbele yao walikuwa askari wa Amin na askari wa Libya waliokuja kumsaidia. Usiku ule Brigedi ya 208 ilizunguka kwa mbali hadi kuifikia barabara ya Kampala, na alfajiri ya Machi 11 ikawapiga kutoka nyuma huku ya 201 ikisonga tena mbele. Wanaoandika historia ya vita hivi wanalihesabu pigano la Lukaya kuwa kubwa kuliko yote.

Baba alikuwa na hao waliotawanyika. Hakulificha hilo, na nami silifichi. Alisema giza liliwakuta bwawani, vijana wa mgambo wanatoka mikoa isiyo na bahari, matope yamewafika mapajani, na kila mmoja anavuta mguu kwa nguvu na kuzidi kuzama. Sasa mtu wa Mtambwe anayajua matope. Bibi yake alikuwa akimchukua pwani maji yakipwa kwenda kuokota chaza, wakipita katikati ya mikoko. Akawapitia mmoja mmoja gizani akiwanong'oneza yale aliyofundishwa na bibi yake: kanyaga penye mizizi, usisimame mahali pamoja, na mguu ukizama usiunyanyue moja kwa moja, upindishe kwanza kisigino, matope yapumue. Waliokuwa karibu naye walitoka wote. Kulipopambazuka alikuwa na redio yake, imelowa lakini inasema, na akaanza tena kusoma tarakimu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ushujaa wa baba, zaidi ya mahali palipompatia medali. Bibi mmoja mwokota chaza wa Mtambwe, ambaye hakuwahi kuvuka bahari, aliokoa watu kandoni mwa Ziwa Victoria. Hakuna wasifu utakaoliandika hilo asipoulizwa aliyekuwapo.

Alikuwa na daftari, jalada lake la kijani limefifia. Kurasa za mwanzo ni hesabu zake za mizinga. Nyuma kabisa kuna majina ya askari watatu waliokufa wakiwa naye, na chini ya kila jina ameandika kwao: mmoja wa Songea, mmoja wa Makunduchi, mmoja wa Konde. Majina yao siyaandiki hapa kwa sababu jamaa zao hawajaniruhusu. Aliporudi, kabla ya kwenda popote pengine, alipanda gari hadi Konde kumtafuta mama wa yule kijana. Habari ya kifo walikuwa wamekwisha kuipata. Alichopeleka yeye ni namna mtoto wao alivyokufa, kwamba hakuteseka, na kwamba alizikwa na wenzake wakimsomea. Mama yule alimwangushia dafu. Baba alisema alilishika mkononi mpaka likapata joto, akashindwa kulinywa. Miaka yote iliyofuata, kila msimu wa karafuu, alimpelekea pishi mbili, mpaka bibi yule alipofariki.

Watu hupenda kuuliza kama aliingia Kampala Aprili 11. Hakuingia. Siku ile alikuwa amelazwa Masaka kwa malaria, akaisikia habari kwa wauguzi.

Baadaye alivishwa medali ya Kagera, na nyingine ya utumishi mrefu. Zipo nyumbani ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na stakabadhi za karafuu na cheti changu cha kuzaliwa. Aliziheshimu. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, alizitoa, akazipangusa kwa kitambaa, akazivaa na kukaa mbele ya televisheni akitazama gwaride, kisha akazirudisha mkebeni. Lakini medali inathibitisha tu kwamba mtu alikuwapo. Namna alivyokuwapo haiisemi.

Mwaka juzi nilikuwa nikifundisha Vita vya Kagera darasani. Sababu za vita, matukio, athari, kama mtaala unavyotaka. Nikawatajia makamanda: David Musuguri aliyeiongoza Divisheni ya 20, Silas Mayunga waliyemwita Mti Mkavu, Mwita Marwa wa Brigedi ya 208, Ben Msuya ambaye batalioni yake iliingia Kampala. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, kwani Wapemba walikwenda?" Darasa zima likanitazama. Hakuwa akifanya utani, alitaka kujua kweli. Babu yake mzaa mama alikwenda, nami namjua mzee huyo, anakaa Gando na mguu mmoja haukunji. Mjukuu anaishi naye nyumba moja na hajui.

Niliumia, waheshimiwa, na sikuumizwa na mtoto. Sisi wakubwa ndio tuliokaa kimya.

Najua pia kwamba kwetu Pemba sare ya jeshi haikumbushi Kagera peke yake. Wapo wanaoikumbuka kwa miaka ya chaguzi, na maumivu yao ni ya kweli. Nadhani hiyo ni sababu moja ya wazee hawa kunyamaza barazani. Mzee aliyekwenda kumtoa Amin katika ardhi ya watu wa Bukoba anajikuta hawezi kulizungumza hilo bila ya kuulizwa mambo mengine ambayo hakuyafanya. Nisingependa kumbukumbu yao itumiwe na upande wowote. Wamo wa chama hiki, wamo wa chama kile, na wamo wasiotaka kusikia habari ya chama. Walipokuwa bwawani hawakuulizana kadi.

Tazameni hapo bandarini Unguja. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia alfajiri manowari ya Waingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga kwa matengenezo, ikaizamisha. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Wapo waliozikwa kisiwani Chapwani, ng'ambo kidogo tu ya Mji Mkongwe, na hadi leo, zaidi ya miaka 100, makaburi yao yana majina na yanatunzwa. Nimekwenda kuyaona na wanafunzi wangu. Siwaonei kijicho marehemu wale, kila mtu na mama yake. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nilijiuliza kijana wa Konde jina lake limeandikwa wapi katika visiwa hivi alivyozaliwa.

Najua makaburi ya mashujaa wetu yapo Kaboya, Wilaya ya Muleba, na nashukuru kwamba yanatunzwa. Ila kutoka Konde hadi Kaboya ni bahari mara mbili na nchi nzima katikati. Bibi yule hakufika, na wengi kama yeye hawatafika.

Wala si kweli kwamba kuwataja watu kwa majina hakuwezekani. Desemba 7, 2017, askari wetu 14 wa kulinda amani waliuawa katika shambulio la Semuliki, mashariki ya Kongo, wakiwamo Wazanzibari. Taifa zima lilisimama, wakaagwa, kila mmoja akatajwa kwa jina lake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wale wa 1978 hawakupata televisheni wala simu za kurikodi, lakini wapo waliobaki hai, na wanakumbuka.

Ninaloliomba ni hili. Watumeni watu wenye kinasa sauti, au hata simu nzuri, waende kwa wazee hawa majumbani mwao, Pemba na Unguja, wakae nao siku mbili tatu, wawasikilize kwa lugha yao wenyewe, Kipemba chao, Kimakunduchi chao, bila ya kuwasahihisha. Masheha wanawajua. Ukimuuliza sheha yeyote nani alikwenda Kagera, atakuonyesha mlango. Chuo Kikuu cha Taifa kipo Tunguu na kina vijana wa historia na wa Kiswahili ambao wangeifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Zitakazorikodiwa zihifadhiwe Nyaraka, Kilimani, na nakala ije katika Makumbusho ya Chake Chake, mle ndani ya ngome, ili mtoto wa Pemba asilazimike kupanda meli kwenda kumsikiliza babu yake. Na jeshi, ambalo ndilo lenye orodha, liwape watafiti majina ya Wazanzibari waliokwenda Kagera na Msumbiji, waliorudi na wasiorudi, kadiri sheria inavyoruhusu. Majina hayo yaandikwe mahali panapoonekana. Sisemi mnara mkubwa. Ukuta mmoja safi unatosha, wenye jina, kijiji na mwaka.

Tafadhali isiwe hafla ya siku moja yenye turubai, fulana na hotuba, halafu wazee warudishwe majumbani na chupa ya maji. Baba alihudhuria hafla za namna hiyo na alirudi amechoka tu. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Nina hofu na jambo jingine, na nitalisema wazi. Ulinzi ni jambo la Muungano, makumbusho na nyaraka ni ya Zanzibar, skuli ni za wizara nyingine. Barua kama hii ni rahisi kuzunguka. Nilipotaka nakala ya kumbukumbu za utumishi wa baba kwa ajili ya maonyesho ya skuli, nilikwenda ofisi moja, nikaambiwa nilete barua. Nikaleta barua, nikaambiwa mhusika amesafiri. Mara ya tatu mhusika alikuwa amehamishwa na barua haionekani. Baba alikuwa bado hai wakati huo na angeweza kusoma kila ukurasa na kutueleza. Ndiyo maana nimewaandikia nyote pamoja na mbele ya watu, ili mkae meza moja.

Na muda haupo. Oktoba 2028 vita hivi vitatimiza miaka 50. Aliyekwenda akiwa na miaka 20 atakuwa na 70, naye ndiye kijana wao. Waliokuwa maafisa wameshapita huko. Jenerali Musuguri tulimpoteza Oktoba 2024 akiwa amevuka miaka 100, na habari zake zipo kwa sababu alikuwa jenerali na watu walimfuata kumuuliza. Luteni wa Mtambwe aliulizwa na bintiye tu, usiku, mwenye daftari la skuli na kalamu iliyokuwa ikikatika wino. Mzee wa Gando hajaulizwa na mtu. Wiki iliyopita nilimpitia, hakunitambua mara moja, ikabidi nimtajie jina la baba. Hapo macho yake yakafunguka, akaniuliza kama ile redio ilipatikana. Sijui aliuliza redio gani. Nilikuwa njiani kwenda kazini, nikamwahidi kurudi.

Mimi nitaanza na nilichonacho. Daftari la kijani, medali mbili, picha moja aliyopigwa Masaka na wenzake wanne, na maandishi yangu ya zile nyusiku, nitavileta mwenyewe Chake Chake siku yoyote mtakayonitajia, ilimradi kuwe na mtu wa kuvipokea na kuniandikia hati. Familia ya Konde nimekwisha kuanza kuitafuta ili niwaombe ruhusa ya kulitaja jina la kijana wao.

Mama naye anataka kuja. Ametimiza miaka 74, anatembea kwa mkongojo, lakini anasema na yeye arikodiwe. Anataka kueleza kuhusu zile karafuu, kwa sababu siku ya tatu baada ya baba kuondoka mvua ilinyesha kweli, usiku, naye alizianua peke yake, na mimba, jamvi baada ya jamvi, na hakuna iliyoharibika. Anasema baba alikufa hajamsimulia, maana kila alipotaka kulisema aliona ni jambo dogo mbele ya vita.

Wenu,
Binti wa marehemu Meja, Mtambwe, Pemba